Kasi ya Jana na Mbio za Kesho

Kila binadamu ni hakimu. Mkulima huchagua mbegu kwa mavuno ya mwaka uliopita. Tajiri humwajiri mtu kwa sifa ya kazi aliyokwisha kuifanya. Mwalimu hukadiria mtihani ujao wa mwanafunzi kwa alama za mtihani uliotangulia. Na nahodha hutweka tanga kwa kuamini kwamba upepo uliovuma msimu uliopita utavuma na msimu huu. Hapana hata mmoja katika hawa awezaye kuiona kesho kwa macho. Wote huisoma kesho katika kitabu cha jana. Desturi hii ni ya lazima, maana asiyetumia mambo yaliyopita kuwa taa yake atakwenda gizani. Lakini ndani ya desturi hii mna swali zito la haki: Je, kipimo cha jana kina mamlaka gani juu ya kiumbe atakayekimbia kesho? Kikiwa hakina mamlaka yoyote, basi elimu yote ya kukadiria ni upuuzi. Kikiwa na mamlaka yote, basi hapana haja ya kushindana tena, maana hukumu imekwisha kutolewa kabla ya shauri kusikizwa.

Swali hili laweza kujaribiwa mahali pengi, lakini ni mahali pachache ambapo jibu hupatikana upesi kama katika uwanja wa mbio za farasi. Huko kipimo hupigwa kwa saa, hukumu hutolewa mbele ya maelfu ya watu, na ukweli hudhihirika kwa muda wa dakika mbili. Mchezo huu si mgeni katika Kenya. Uwanja wa Ngong, katika jiji la Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1954. Walakini elimu ya kuwakadiria farasi kwa tarakimu imekuzwa zaidi katika Marekani, na mifano mingi ya insha hii inatoka huko. Msomaji asidhani kwamba anafundishwa kucheza kamari. Anaombwa atazame mizani ya wengine, ili apate kuijua mizani yake mwenyewe.

Tuanze na kasi. Mtu asiyejua hudhani kwamba farasi aliyemaliza maili moja kwa sekunde 96 ni bora kuliko aliyeimaliza kwa sekunde 98. Mjuzi hasemi hivyo upesi. Huuliza kwanza: Walikimbia wapi, na siku gani? Njia ya uwanja mmoja ni kavu na imara. Njia ya uwanja mwingine ni ya mchanga mzito unaomeza kwato. Mvua ikinyesha asubuhi, njia ya jioni si njia ya jana. Kwa hiyo mjuzi hukusanya nyakati za mashindano yote ya siku ile, akazilinganisha na nyakati za kawaida za farasi wa daraja zile zile katika uwanja ule ule, akapata kujua njia yenyewe ilisaidia au ilizuia kwa kiasi gani. Kisha husahihisha wakati wa kila farasi kwa kiasi hicho. Aliyeshindwa hupunguziwa kwa kadiri ya nafasi iliyokuwa kati yake na mshindi walipofika mwisho. Baada ya hesabu hizi hubaki tarakimu moja tu, na kwa tarakimu hiyo farasi aliyekimbia katika matope ya New York huweza kulinganishwa na aliyekimbia katika vumbi la California.

Mmoja wa watu waliosifika sana kwa ufundi huu ni Andrew Beyer, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Washington Post. Mwaka 1966, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliuacha mtihani wake juu ya mshairi Chaucer akaenda kutazama mashindano ya Belmont. Kitabu chake, Picking Winners, kilichotoka mwaka 1975, kiliwafunza watu wengi njia ya kutengeneza tarakimu za kasi, na katika mwaka 1992 tarakimu zake zilianza kuchapishwa katika gazeti la mbio za farasi liitwalo Daily Racing Form. Hatajwi hapa ili wanafunzi waige kuacha mitihani. Anatajwa kwa sababu kazi yake yaonyesha wema wa kwanza wa kipimo cha haki, nao ni kwamba tarakimu haina upendeleo. Haiulizi farasi ni wa ukoo gani, wala mwenyewe ni nani, wala alinunuliwa kwa bei gani. Huuliza jambo moja tu: alikimbiaje?

Wema huu si mdogo. Farasi aitwaye Seattle Slew alinunuliwa mnadani mwaka 1975 kwa dola 17,500, fedha kidogo katika soko lile. Mwaka 1977 alishinda Kentucky Derby, Preakness na Belmont, mashindano matatu makuu ya Marekani kwa farasi wa miaka mitatu, na alifika mwisho wa yote matatu akiwa hajapata kushindwa hata mara moja maishani mwake. Bei ilimdharau, saa ikamtukuza. Pale ambapo watu hutazama nguo, kabila au jina la baba, kipimo cha kweli ni rafiki wa mnyonge. Mtoto wa maskini aliyepewa karatasi ile ile ya mtihani waliyopewa watoto wa matajiri amepewa silaha. Na mtu atakaye kuitupa mizani yote kwa sababu ina kasoro, na akumbuke kwamba mizani ikiondoka sokoni hubaki neno la mwenye nguvu.

Lakini rafiki huyu ana mipaka yake. Mwaka 2006 farasi mwingine, jina lake The Green Monkey, alikimbizwa mbele ya wanunuzi mwendo wa mita 200 hivi, akaumaliza kwa sekunde 9.8. Watu walistaajabu, wakapandishiana bei, hata akanunuliwa kwa dola milioni 16. Alishindana mara tatu tu katika maisha yake, na hakushinda hata mara moja. Je, saa ilisema uongo? La. Saa ilisema kweli juu ya mita 200. Ni wanunuzi walioilazimisha iseme juu ya maisha mazima. Kosa la namna hii ni la kila siku. Mtoto husoma vizuri ukurasa mmoja, wazazi wakamwita mwanachuoni. Mwingine hukosa hesabu moja, wakamwita mjinga. Kipimo hujibu swali lile tu kililoulizwa. Anayekiuliza swali dogo na kulitangaza jibu lake kuwa kubwa amekisingizia kipimo.

Zaidi ya hayo, jana yenyewe si wazi kama tudhaniavyo. Katika mwaka 1973 farasi mashuhuri, Secretariat, alishinda mashindano ya Preakness, lakini saa ya uwanja ilikosea. Kwanza wakati wake ulitangazwa kuwa dakika 1 na sekunde 55. Watu waliokuwa na saa zao mikononi walipinga, na wakati ukarekebishwa kuwa dakika 1 na sekunde 54 na visehemu viwili vya tano. Bado watu hawakuridhika. Ubishi huo ulidumu miaka 39, hata mwaka 2012 tume ya mbio za farasi ya Maryland ilipochunguza ushahidi upya na kuamua kwamba wakati wa haki ulikuwa dakika 1 na sekunde 53. Farasi alikuwa amekwisha kufa zamani. Mbio zake hazikubadilika hata hatua moja. Kilichobadilika ni daftari. Basi, ikiwa kipimo cha jambo lililotendeka mchana, mbele ya umati wa watu, kilihitaji miaka 39 ili kinyoshwe, yafaa tuwe wapole tunapomhukumu mtu kwa kipimo kilichopigwa kwa saa moja katika chumba kimoja.

Baada ya kasi huja mwendo, na hapa ndipo elimu hii inapozidi kuwa na hekima. Kasi ni jumla ya mbio. Mwendo ni namna jumla hiyo ilivyotumiwa. Farasi ana akiba ya nguvu kama mtu alivyo na akiba ya fedha. Akiitumia mapema, ataikosa mwishoni. Akiiweka mno, mwisho utamfikia akiwa na mali asiyoitumia. Kwa sababu hiyo mjuzi hatazami wakati wa mwisho peke yake. Hutazama robo maili ya kwanza, nusu maili, na maili kasoro robo, ili ajue nani aliongoza, nani alimsukuma, na kila mmoja alilipa nini kwa nafasi yake.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni mashindano ya Belmont ya tarehe 9 Juni, 1973. Secretariat alikuwa na mshindani hodari, jina lake Sham, aliyekuwa wa pili katika Kentucky Derby na tena katika Preakness. Siku ile mbio zilikuwa za maili moja na nusu, nao wawili waliondoka pamoja kama watu wanaofukuzwa. Maili kasoro robo ya kwanza waliipita kwa dakika 1 na kama sekunde 10, mwendo wa hatari kwa safari ndefu kama ile. Sham alivunjika nguvu, akapitwa na wote, akafika wa mwisho katika farasi watano. Secretariat hakuchoka. Alishinda kwa nafasi ya urefu wa farasi 31, kwa dakika 2 na sekunde 24, na mpaka leo hapana farasi aliyekimbia umbali ule juu ya njia ya udongo kwa wakati mfupi kuliko huo. Mtu asomaye daftari tu ataona kwamba Sham alikuwa wa mwisho, akamdharau. Mtu ajuaye mwendo ataona kwamba Sham alikuwa wa mwisho kwa sababu alithubutu kwenda bega kwa bega na farasi ambaye hapana awezaye kwenda naye. Wale waliomtangulia kufika hawakulijaribu jambo hilo.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2022. Katika Kentucky Derby ya mwaka huo farasi aitwaye Rich Strike alipata nafasi siku moja tu kabla ya mashindano, kwa sababu mwingine aliondolewa. Waliomwekea dau walikuwa wachache hata malipo yake yakawa 80 kwa 1. Waliokuwa mbele waliipita robo maili ya kwanza kwa sekunde 21.78, na katika historia yote ya Derby hapajakuwa na mwanzo wa kasi kama ule. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Farasi aliyeongoza katika robo ile, Summer Is Tomorrow, alifika wa mwisho katika farasi 20. Naye Rich Strike, aliyekuwa nyuma, alipenya katikati ya waliochoka akawa mshindi. Lakini asitokee mtu akafanya jambo hili kuwa methali ya kwamba kukaa nyuma ni hekima siku zote. Rich Strike hakushinda tena baada ya siku ile. Mwendo wa mmoja hutegemea mwendo wa wenziwe: walio mbele wakienda polepole, aliye nyuma hana wa kumrithi.

Haya yana maana gani kwa mwanafunzi? Yana maana kwamba alama mbili zilizo sawa si lazima ziwe sawa. Wanafunzi wawili wamepata alama 60. Mmoja alizipata akiwa na vitabu, taa, na mzazi wa kumweleza asichokijua; mwingine alizipata baada ya kuchota maji, kuchunga ndugu zake wadogo na kusoma usiku kwa mwanga wa kuazima. Tena, mmoja alikuwa na 80 mwaka jana, na mwingine alikuwa na 40. Tarakimu ni moja, lakini mmoja anateremka na mwingine anapanda. Hakimu asiyeuliza habari ya mwendo ataandika kwamba hawa ni sawa, na daftari lake litakuwa safi, na hukumu yake itakuwa mbovu.

Katika mbio za farasi kuna na jambo la tatu, nalo ni mzigo. Katika mashindano mengi farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili mnyonge apate tumaini. Kazi ya kupanga mizigo hii ilikuzwa sana Uingereza katika karne ya 19 na Admirali Henry John Rous, aliyeweka kanuni ya uzito kwa kadiri ya umri wa farasi. Farasi Phar Lap alishinda Melbourne Cup ya Australia mwaka 1930 akiwa na uzito wa kilo 62 na nusu hivi. Mwaka uliofuata alibebeshwa kilo 68, akawa wa nane. Je, alikuwa farasi mbaya zaidi mwaka 1931 kuliko 1930? Asiyeutazama mgongo wake atasema ndiyo. Mzigo wa mwenzio, walisema wazee, ni kanda la usufi. Auonaye kwa mbali huudhani mwepesi.

Yawezekana mtu akauliza kama ni haki kumlemea aliye bora kwa sababu ya ubora wake. Katika mchezo jambo hilo lina sababu, maana mchezo hutafuta ushindani wa karibu, na bila ya ushindani watazamaji watalala. Katika maisha hatutaki kumfunga jiwe miguuni mwerevu ili mvivu amfikie. Lakini kanuni ya mizigo ina funzo jingine lisilokuwa na ubishi: mwenye kupanga mizigo huiandika. Kila farasi hutajwa pamoja na kilo alizobeba, wala hapana mtu asomaye matokeo bila ya kuziona. Katika maisha mizigo ipo mingi, ya umaskini, ya maradhi, ya uyatima, lakini haiandikwi karibu na matokeo. Tungeiandika, aibu nyingi zingegeuka kuwa sifa, na majivuno mengi yangegeuka kuwa kimya.

Tuseme sasa kwamba mjuzi amefanya yote haya kwa uaminifu. Ameipima kasi, ameusoma mwendo, ameuhesabu mzigo. Je, sasa anaijua kesho? Haijui. Haikutimia miezi miwili baada ya ushindi wake mkubwa wa Belmont, Secretariat alishindwa na farasi asiyekuwa na sifa kubwa, jina lake Onion, katika uwanja wa Saratoga; na kabla ya mwaka kwisha alishindwa tena na farasi aitwaye Prove Out. Katika mbio kwa jumla, farasi anayependelewa na watu wengi hushinda kama mara moja katika kila mara tatu. Maana yake ni kwamba rai ya umati si upuuzi, kwa kuwa mara moja katika tatu ni nyingi pale wanapokimbia farasi wanane au kumi. Lakini vile vile maana yake ni kwamba yule ambaye wote humtumaini hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda.

Hapa pana tofauti ambayo kila kijana anapaswa kuijua. Elimu ya kukadiria husema habari za wengi. Haitoi ahadi juu ya mmoja. Ikisemwa kwamba farasi fulani ana nafasi moja katika tatu, haikusemwa kwamba atashinda, wala kwamba hatashinda. Imesemwa tu ni kiasi gani cha tumaini kinachofaa kuwekwa juu yake. Mjinga husema, "Najua." Mwoga husema, "Hapana awezaye kujua." Mwenye hekima husema, "Najua kiasi hiki, na zaidi ya hapo sijui." Kuitamka sentensi hiyo ya tatu bila ya haya ni uadilifu mkubwa, na watu wengi wenye elimu hawakuufikia.

Mfano mzuri wa unyenyekevu huu ulitoka kwa mtu aliyekuwa na sababu zote za kujivuna. Bill Benter, Mmarekani, alianza katika miaka ya 1980 kutumia kompyuta kuwakadiria farasi wa Hong Kong, na alipata mali nyingi. Hesabu zake zilikusanya mambo mengi juu ya kila farasi. Hata hivyo, katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1994 alieleza kwamba makadirio yake yalikuwa bora zaidi alipoyachanganya na makadirio ya umati, yanayoonekana katika malipo ya dau. Mtu huyu aliyejua kuliko wengi alikubali kwamba wengi wanajua jambo asilolijua yeye.

Sasa lazima tuitazame kamari yenyewe, kwa sababu elimu hii ilizaliwa nyumbani mwake, na insha ikinyamaza juu yake itakuwa imeficha nusu ya ukweli. Katika viwanja vingi dau zote hutiwa katika chungu kimoja, kwa utaratibu uliobuniwa na Joseph Oller katika Ufaransa katika miaka ya 1860. Wenye uwanja hukata sehemu yao kwanza, na sehemu hiyo katika Marekani kwa kawaida ni kati ya 15 na 25 katika kila 100. Kinachobaki hugawanywa kwa walioshinda. Tufanye hesabu. Watu 100 wameweka shilingi 100 kila mmoja, jumla shilingi 10,000. Zikikatwa 17 katika kila 100, shilingi 1,700 zimekwenda, na 8,300 zimebaki. Hata kama watu wale 100 wote wangekuwa wajuzi kama Beyer na Benter, wakichukuliwa kwa pamoja, hawawezi kuondoka na zaidi ya shilingi 8,300. Elimu ya farasi haiongezi hata senti moja katika chungu. Huamua tu mkono utakaoichukua.

Tena, elimu ya siri na elimu ya wazi hazina thamani moja sokoni. Tarakimu za kasi zilipokuwa katika madaftari ya watu wachache, waliozijua walifaidi. Zilipochapishwa gazetini kila mtu alizisoma, na farasi mwenye tarakimu kubwa akawekewa dau na wengi, hata malipo yake yakapungua. Mchezaji hashindani na farasi. Hashindani hata na bahati. Anashindana na watu wenziwe, na ili yeye ajue ni lazima wao wasijue. Hili ndilo jambo ambalo kijana anayecheza kamari ya simu hulisahau. Huangalia takwimu za michezo, akajiona mwanachuoni. Wala haulizi kwamba takwimu hizo hizo ziko mbele ya aliyepanga malipo, tena mwenziwe huyo ana hesabu bora na hachoki.

Yuko atakayetetea akasema kwamba kukadiria ni kazi ya akili kama kazi nyingine, na mwenye kushinda kwa akili amekula jasho lake. Hoja hii haifai kudharauliwa. Ni kweli kwamba mtu mzima anayelipa fedha zake za ziada kwa furaha ya jioni moja hamdhuru mtu, kama yule anayelipa kiingilio cha kutazama mpira. Lakini kazi ina alama moja iijulishayo. Seremala akiuza kiti, yeye huondoka na fedha na mnunuzi huondoka na kiti. Wote wawili wamepata. Katika chungu cha kamari, aliyeondoka na fedha ameacha nyuma yake mtu aliyeondoka mikono mitupu, na mara nyingi mtu huyo ndiye mwenye haja zaidi na elimu kidogo zaidi. Akili ipo, jasho lipo, kilichokosekana ni kiti. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza kamari. Na hata baada ya umri huo, anayeweka dau fedha za karo, za chakula au za kuazima, ameweka dau kitu kisicho chake.

Mwisho, katika hesabu zote hizi yuko mmoja ambaye hatujamwuliza neno, naye ni farasi. Tarehe 3 Mei, 2008, farasi jike aitwaye Eight Belles alikimbia Kentucky Derby pamoja na madume, akafika wa pili. Muda mfupi baada ya kupita mwisho wa mbio, miguu yake yote miwili ya mbele ilivunjika, na kwa kumwondolea mateso ilibidi auawe pale pale uwanjani. Katika daftari ameandikwa kuwa wa pili. Daftari halikusema uongo, lakini ni nani anayeweza kusema kwamba limesimulia habari yake? Tarakimu haina mguu wa kuvunjika. Yule anayeishi na tarakimu tu, mchana na usiku, yumo katika hatari ya kuamini kwamba anayekimbia ni tarakimu.

Turudi kwenye swali letu. Kipimo cha jana kina mamlaka ya shahidi, hakina mamlaka ya hakimu. Shahidi mwema husikizwa kwa heshima. Huulizwa aliona nini, alisimama wapi, na kitu gani kilimzuia kuona zaidi. Akimaliza kusema, hashushwi kizimbani akaketishwa kitini pa kutoa hukumu. Kwa hiyo, atakaye kuwahukumu wenziwe kwa haki, au kujihukumu mwenyewe, na apime kwa kweli wala asipendelee. Na aulize njia ilikuwaje siku ile. Na atazame mwendo pamoja na kasi. Na auandike mzigo karibu na matokeo. Na aiache kesho mlango wazi. Jana ilikwisha kukimbiwa, nayo haina awezaye kuikimbia tena. Kesho bado haina mshindi, na kila aliye hai ana ruhusa ya kusimama kwenye mstari wake wa kuanzia.